Mtoto na Insha ya Mkwawa: Namna ya Kufundisha Kupanga Kabla ya Kuandika

Mpe mwanafunzi wa Darasa la Tano kazi ya kuandika kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kisha usimwongezee neno. Insha itakayorudi unaweza kuibashiri kabla hujafunua daftari. Itaanza na mwaka na mahali pa kuzaliwa, itamtaja baba yake Munyigumba, itasema alikuwa shujaa asiyeogopa, itaipita vita ya Lugalo kwa sentensi moja, itataja mwaka 1898, na mwishoni itatutaka sote tumuige. Uongo mkubwa humo hamna. Lakini pia hamna hata mahali pamoja ambapo mtoto ameamua jambo. Sentensi zimehama kutoka kitabu cha kiada hadi daftarini kwa mfuatano uleule, zikapungua urefu njiani. Wengi wetu tukikutana na insha ya namna hii tunalaumu uvivu, au uchache wa msamiati, au watoto wa siku hizi. Mimi naona tatizo limeanza mapema zaidi, kabla kalamu haijagusa karatasi: mtoto ameamini kwamba maisha ya mtu yamekuja na mpango wake tayari, kutoka kuzaliwa hadi kufa, na kwamba kazi yake ni kuufuata. Ukitaka kumfundisha kuandika habari za kweli kuhusu mtu wa historia, anzia hapo. Mwondolee mpango huo wa bure, umfundishe kujijengea wake.

Tazama kwanza kwa nini mpango wa bure haufai hata kwa historia yenyewe. Vitabu vingi vinasema Mkwawa alizaliwa yapata mwaka 1855 huko Luhota, Iringa. Hilo “yapata” lina sababu: hakuna aliyeuandika mwaka huo wakati ule, umekadiriwa baadaye. Kwa hiyo mtoto anayeanza na kuzaliwa anaanza na jambo ambalo ushahidi wake ni dhaifu, na ambalo halielezi chochote kuhusu sababu ya jina la mtu huyu kudumu. Mambo tunayoyajua kwa uhakika mkubwa yako mbele zaidi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliushambulia huko Lugalo msafara wa jeshi la Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, wakamuua yeye, Wazungu wengine kadhaa na askari zaidi ya 200. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilitekwa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alikufa Mlambalasi. Siku zenyewe zinajulikana kwa sababu kufikia hapo walikuwapo watu walioandika, na walioandika walikuwa hasa maadui zake. Ni vivyo hivyo kwa watu wengi wa historia yetu. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, na utoto wake unajulikana kwa muhtasari tu; habari zinakuwa nzito pale alipoingia mjini na kuanza kuimba, hadi safari ya Bombay mwaka 1928 alikorekodi nyimbo zake. Insha inayogawa aya zake sawa kwa sawa kati ya utoto, ujana na uzee inalazimisha usawa ambao ushahidi hauna.

Badala ya mfuatano wa umri, mpe mtoto swali. Mpango bila swali ni kama kwenda sokoni bila kujua unapika nini: unarudi na kapu limejaa na bado hakuna mboga ya jioni. Swali ndilo linalomwambia achukue nini na aache nini. Lakini maswali hayalingani. “Mkwawa alikuwa nani?” ni pana mno, linakubali kila kitu, kwa hiyo halichagui kitu. “Mkwawa alikufa lini?” linaisha kwa kujibiwa kwa tarehe moja. “Mkwawa alijisikiaje alipokuwa porini?” linavutia, tena watoto hulipenda sana, ila hakuna andiko lake wala shahidi wa moyo wake wa kutusaidia; hilo ni swali zuri la hadithi ya kubuni, lihifadhiwe kwa kipindi kingine. Swali linalofaa lina sifa tatu. Halijibiki kwa neno moja, linajibika kwa vitu ambavyo mtoto anaweza kuvifikia, na ndani yake mna jambo linalogoma kuingia akilini kwa urahisi. Hili hapa ndilo nitakalolitumia katika mwongozo huu wote: kwa nini Wajerumani, waliokuwa na bunduki na mizinga, walihitaji miaka saba tangu Lugalo kummaliza Mkwawa?

Swali la namna hiyo usilishushe wewe kutoka juu kila mara, ingawa mara ya kwanza ni bora mwalimu alitoe ili darasa lione lilivyo. Baadaye waache walitafute. Njia nyepesi ni hii: wasomee kwa sauti ukurasa mmoja au miwili kuhusu mtu huyo, kalamu zote zikiwa chini, kisha uliza, “Ni kitu gani hapa hakikuingii akilini?” Watauliza mikuki ilishindaje bunduki. Watauliza nani alimficha kwa miaka yote hiyo. Watauliza kwa nini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na hapo darasa litachangamka kuliko ulivyotarajia. Andika yote ubaoni, hata yale ya utani, kisha mpitie moja moja mkiulizana: hili tunaweza kulijibu kwa vitabu na watu tulio nao? Litatoa aya nne au sentensi moja? Futa hadharani, na useme sababu ya kufuta. Mtoto akishaona mwalimu anafuta swali zuri kwa sababu halina ushahidi, amejifunza kitu ambacho mhadhara mrefu kuhusu ukweli na uongo usingemfundisha.

Mtu atasema: mtoto asiyejua nini kilitangulia nini atalijibuje swali la “kwa nini”? Pingamizi hili ni la haki, na sehemu yake ni kweli tupu. Mtoto anayedhani Kalenga ilianguka kabla ya Lugalo hawezi kueleza lolote. Kwa hiyo jedwali la matukio lazima liwepo. Lichorwe ubaoni siku ya kwanza, mstari mmoja wenye tarehe chache, na libaki pale hadi kazi iishe. Ninachokataa ni kulifanya jedwali hilo kuwa mpango wa insha. Jedwali linaonyesha mambo yalivyofuatana. Mpango unaonyesha mambo yanavyojibu swali, na mara nyingi ni matukio machache tu kati ya yale ya jedwali yatakayoingia. Wewe mwenyewe utaliona hili ukisimama mbele ya ubao na kumwuliza mtoto, kwa kila tarehe, “Hii inatusaidia kujibu?” Mwaka wa kuzaliwa utashindwa mtihani huo. Kifo cha Munyigumba kitafaulu kwa shida, kwa kuwa Mkwawa alirithi kwake dola iliyokwisha kuunganishwa, na dola iliyoungana ni sehemu ya sababu ya upinzani kudumu.

Baada ya swali, kukusanya. Usiruhusu mtoto akusanye habari katika daftari, kwa sababu daftari lina mistari, na mistari humfanya mtu aandike aya mapema mno. Tumia vipande vya karatasi vya ukubwa wa kiganja. Karatasi moja ya daftari ikikatwa vizuri inatoa vinne, na maboksi ya chaki au biskuti yakikatwa hutoa vigumu zaidi vinavyodumu. Sheria ni mbili tu. Kila kipande kibebe jambo moja, na chini ya jambo hilo kiandikwe limetoka wapi: jina la kitabu na ukurasa, au jina la mtu aliyesimulia, au “mwalimu, ubaoni”. Upande wa juu kipande kitasomeka, mathalani, “Baada ya Lugalo Wahehe waliteka bunduki nyingi na hata mizinga,” na chini kitaonyesha kitabu. Kipande kisicho na chanzo kinarudishwa kwa mwenyewe bila ugomvi, akitafute. Hiyo sheria ya pili ndiyo watakayoinung’unikia zaidi, na ndiyo usiyopaswa kuilegeza. Inafanya kazi nyingine ambayo zamani haikuhitajika sana: mtoto aliyenakili aya nzima kutoka intaneti, au aliyeiuliza programu ya akili mnemba ikamtolea insha iliyokamilika, hana namna ya kujaza upande wa chini wa vipande kumi na viwili. Huhitaji kumshuku wala kumtisha. Vipande vitasema.

Sheria ya kwanza, jambo moja kwa kipande kimoja, ina faida inayochelewa kuonekana. Mtoto ataleta kipande kilichoandikwa, “Mkwawa alikuwa shujaa mkubwa aliyewapenda watu wake.” Usikikatae. Mwulize, “Umejuaje?” Kama ni mtoto makini atajibu kwamba aliwashinda Wajerumani Lugalo. Basi jambo ni lile la Lugalo, na hicho ndicho kipande. Ushujaa ni hukumu ambayo msomaji ataifikia mwenyewe akishaelezwa vizuri. Kuhusu kuwapenda watu wake, mwache atafute. Pengine atarudi na jambo zuri sana: kwamba kwa karibu miaka minne baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa aliishi porini akipigana kwa kushtukiza na kuhama, na mtu hawezi kuishi hivyo muda wote huo bila kuwapo watu wanaomlisha na kumfichia siri. Gavana wa Kijerumani alitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Fedha hiyo ilikuwa nyingi, na bado muda ukapita. Kipande hicho kinaeleza uhusiano wa mtawala na watu wake kuliko neno “aliwapenda”, na kinajibu swali letu moja kwa moja. Ukimfundisha mtoto kitu kimoja tu katika kazi nzima, kiwe hiki cha kubadilisha sifa kuwa jambo lililotokea.

Suala la vyanzo linahitaji kusemwa kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa mapema. Shule haina maktaba, kitabu kipo kimoja kwa watoto watano, na somo la historia lina kurasa mbili tu kuhusu mtu huyo. Kurasa mbili zinatosha kwa vipande kumi ukizisoma polepole. Zaidi ya hapo kuna wazee, na masimulizi yao ni chanzo halali mradi mtoto aandike ni nani aliyesimulia, na amwulize naye amelipata wapi: alishuhudia, alihadithiwa na babu yake, au alilisikia redioni? Jibu la swali hilo dogo lina thamani kuliko simulizi lenyewe. Chukua Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewahamasisha watu wake kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Pwani ya Kenya husimuliwa kwamba alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamtaka afisa wa Kiingereza amnyang’anye kuku kifaranga kimoja, kuku akamdonoa, naye Mekatilili akasema ndivyo watakavyofanya Wagiriama wakiguswa watoto wao. Je, mtoto aiandike? Aiandike, na kwenye kipande aseme ni masimulizi ya wazee. Kukamatwa kwake na kupelekwa uhamishoni magharibi ya Kenya kuna kumbukumbu za serikali ya kikoloni. Kisa cha kuku kinaishi zaidi midomoni mwa watu. Vyote viwili vinafaa katika insha, ila sentensi zake hazifanani, na mpango ndio mahali pa kuweka alama ya tofauti hiyo. Wala usidhani maandishi yana usalama kuliko midomo. Tippu Tip alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa urefu, na ni hazina. Lakini ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayesimulia mafanikio yake, na mtoto anayechukua jambo humo hana budi kujiuliza ni nani asiyepewa nafasi ya kusema. Ripoti za maofisa wa Kijerumani nazo ziliandikwa na watu waliotaka wakubwa wao waridhike. Ndiyo maana idadi ya Wahehe waliokufa Lugalo inatofautiana sana kati ya andiko moja na jingine. Mtoto akikutana na tarakimu mbili zisizopatana asichague ile kubwa kwa kuwa inasisimua. Aandike zote mbili kwenye kipande kimoja, au aseme tu kwamba wengi walikufa.

Sasa vipande vimekusanyika, na hapa kazi inakuwa ya mikono. Vimwagwe juu ya dawati au sakafuni. Mtoto avipange kwa mafungu, kila fungu likiwa sababu moja ya kujibu swali, kisha alipe kila fungu jina la maneno machache. Kwa swali letu mafungu manne hujitokeza bila kulazimishwa. La kwanza ni mshtuko wa Lugalo: msafara ulishambuliwa ukiwa njiani katika mstari mrefu, kamanda wa jeshi lote la koloni akafa, na Wajerumani wakahitaji muda kujijenga upya kabla ya kurudi Uhehe kwa nguvu. La pili ni Kalenga, ngome ya mawe ambayo haikutekwa hadi miaka mitatu baadaye, gavana von Schele alipokwenda na jeshi kubwa lenye mizinga. La tatu ni porini: Mkwawa alitoroka siku ngome ilipoanguka, na kuanzia hapo vita havikuwa tena vya mahali pamoja. La nne ni mbinu mpya za Wajerumani, maana muda mrefu wa vita unaelezwa pia na lile lililoumaliza. Kapteni Tom von Prince alijenga kituo Iringa mwaka 1896, chakula na mashamba viliharibiwa ili waliomsaidia Mkwawa wachoke, na ndugu yake, Mpangile, akawekwa na Wajerumani kuwa mtawala, ingawa muda si mrefu wakamwua kwa kumshuku. Hapo mpango umekwisha kuonekana. Mafungu manne, aya nne, na ndani ya kila aya vipande vitatu hivi. Ukimwuliza mtoto kwa nini fungu la Kalenga linakuja baada ya Lugalo atakujibu kwa tarehe. Ukimwuliza kwa nini fungu la mbinu mpya liko mwisho, itabidi afikiri, na akiamua lije mwanzo ili msomaji ashangae kwanza kuona nguvu zote hizo zilitumika kwa mtu mmoja, mwache. Mpango ni wake.

Kisha kuna rundo la vipande ambavyo havikuingia fungu lolote, na kwa watoto wengi hapa ndipo penye uchungu. Kipande kinachokataa kuachwa ni cha fuvu. Baada ya Mkwawa kujipiga risasi, askari wa Kijerumani alimkata kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa. Halikurudi wakati huo. Ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliyefuatilia hadi jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu mengi, likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo na kuangalia tundu la risasi, na mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Leo liko katika makumbusho ya Kalenga, na wapo wanahistoria wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Ni habari ya kusisimua kuliko nyingine zote, na haijibu swali letu hata kidogo. Mtoto ataililia. Mweleze kwamba ana njia mbili: abaki na swali lake na kuiacha, au abadilishe swali, aandike “Fuvu la Mkwawa lilirudije nyumbani?” na safari hii Lugalo yote ishuke iwe sentensi moja. Asijaribu kubeba zote mbili. Kuacha jambo la kweli na zuri kwa sababu si la insha hii ni uamuzi mgumu hata kwa watu wazima wanaoandika kwa kulipwa, na magazeti yetu yana ushahidi wa kutosha. Vipande vilivyoachwa visitupwe. Vifungwe kwa uzi viwekwe nyuma ya daftari.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu mbinu. Wapo watakaosema kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja anahitaji mashujaa, na kwamba shaka zote hizi kuhusu tarakimu, masimulizi na fuvu zitamfanya asiamini chochote wala kujivunia chochote. Somo lenyewe la Historia ya Tanzania na Maadili, watasema, linakusudia kujenga uzalendo. Nalielewa jambo hilo na silipuuzi. Lakini angalia shaka inavyofanya kazi katika mpango uliokwisha kuuona. Tarehe ya Lugalo haikutikisika, wala kifo cha Zelewski, wala ile miaka saba. Kilichowekewa alama ya tahadhari ni mwaka wa kuzaliwa na idadi ya waliokufa. Mtoto anayejua ni wapi pa kusema “yapata” na “inasemekana” anajua pia ni wapi pa kusema bila kigugumizi, na sauti hiyo ya pili ina nguvu zaidi kwa sababu ya ile ya kwanza. Tena kuna habari ambazo sifa tupu huzificha na swali huzifichua. Wasangu wa mtawala Merere, waliokuwa wamesukumwa nje ya nchi yao na Wahehe, walisimama upande wa Wajerumani. Mtoto wa Kisangu wa Mbarali akisoma insha ya mwenzake wa Iringa ana haki ya kukuta sababu yao imetajwa, kwamba kwao Mkwawa alikuwa jirani aliyewapora ardhi kabla hajawa adui wa mkoloni. Hili halimpunguzii mtu ujasiri wake Lugalo. Linamweka duniani, kati ya majirani, mahali ambapo watawala wote huishi. Suala la kujiua lielezwe kwa sentensi moja iliyo wazi: alijipiga risasi ili asikamatwe. Hakuna haja ya kulipamba wala kulizungushia maneno, na kama darasani kuna mtoto aliyefiwa kwa namna hiyo, mpe taarifa kabla ya kipindi.

Pingamizi la mitihani lina jibu fupi. Msahihishaji anatafuta utangulizi, kiini na hitimisho, hoja zinazojitegemea na mifano, na mafungu manne ya vipande yanampa vyote hivyo. Mtoto aliyezoea vipande nyumbani na darasani ataandika kwenye chumba cha mtihani swali moja na maneno manne pembeni mwa karatasi, kwa dakika tatu, kisha ataendelea. La darasa la watoto sabini nalo halikatishi tamaa kama linavyosikika, kwa kuwa kazi hii haitaki kitabu kwa kila mmoja. Vikundi vya watoto sita vikiwa na swali moja vinaweza kugawana kurasa, kila mtoto akaleta vipande viwili, na ubishi wa kikundi kuhusu kipande gani kiende fungu gani ndio ufundishaji wenyewe. Wewe unapita na kuuliza. Panga vipindi vinne: swali, kukusanya, kupanga, kuandika. Ukibanwa na muda, punguza cha kuandika na usiguse cha kupanga.

Kwa wadogo, Darasa la Tatu hivi, shusha kila kitu. Swali litoke kwako, vipande viwe vitatu, na kila kimoja kiwe na mchoro na sentensi moja: mikuki na bunduki za Lugalo, ukuta wa Kalenga, mtu aliyejificha kati ya majabali ya Mlambalasi. Waambie wavipange, kisha kila mtoto asimame awasimulie wenzake akivishika mkononi. Kuandika kunaweza kusubiri hata wiki. Wazazi wanaofanya hili nyumbani wana nafasi ambayo shule hainayo, kwa kuwa wakiwa Iringa wanaweza kwenda Kalenga au kwenye mnara wa Lugalo kando ya barabara kuu, mtoto akatoka na kipande kilichoandikwa chini yake “nimeona mwenyewe”.

Inapofika siku ya kuandika, mtoto aanze na fungu analolijua vizuri zaidi, hata kama ni la tatu katika mpango, na vipande vyake viwe mbele yake. Jambo likikosekana katikati ya aya asilibuni; arudi kwenye lile rundo lililofungwa kwa uzi, au aache nafasi aulize kesho. Akikuta aya mbili zinasema kitu kimoja, mpango ulikuwa na fungu la ziada, aunganishe. Utangulizi uandikwe mwisho, ukiwa na swali na neno moja au mawili kuhusu mahali na wakati, kwa kuwa mpaka hapo ndipo atajua insha yake ilijibu nini. Na unapokusanya madaftari kusahihisha, kusanya pia vipande, vikiwa kwenye bahasha yenye jina la mtoto, uvisome kabla ya insha. Humo utaona kama sentensi iliyopwaya ilitokana na kuandika vibaya au na jambo ambalo hakuwahi kulipata, na alama utakayoandika pembeni itakuwa ya kweli zaidi.